Chingamu ya nikotini: inasaidia, ila wengi huitafuna vibaya

Kijana mvutaji hulala vibaya, hupanda ngazi akihema, na akikosa sigara kwa muda hasira humpanda. Chingamu hii ya kusaidia kuacha sigara ina nikotini, kilevi kilekile cha sigara, hivyo hutuliza hiyo arosto bila moshi kuingia mapafuni.

Chukua ya miligramu 4 ikiwa unawasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka. Vinginevyo 2 zinatosha. Kosa kubwa ni kuitafuna mfululizo kama chingamu ya kawaida. Nikotini hufyonzwa na ngozi laini ya mdomoni. Ikimezwa na mate, unapata kwikwi, kiungulia na kichefuchefu. Itafune polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili, ibane kati ya shavu na ufizi hadi ukali upoe, kisha rudia, kwa dakika 30 hivi. Kahawa, soda na juisi ziepuke dakika 15 kabla na wakati wa kutafuna, maana asidi huzuia ufyonzaji.

Ladha si nzuri, tuseme ukweli, na taya huchoka. Wiki 6 za mwanzo tumia moja kila baada ya saa 1 hadi 2, zisizidi 24 kwa siku. Ukisubiri arosto ikuzidi ndipo utafune, umechelewa: nikotini hii hupanda taratibu kuliko ya sigara.