LAMMPS: kuvuta mirija ya kaboni kwa laptopu, huku Luanda

Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Luanda, Kaunti ya Vihiga, na uzamili naufanya Maseno, mwendo mfupi tu kwa matatu. Mada yangu ni uimara wa nanotyubu za kaboni, yaani mirija myembamba mno ya atomi za kaboni. Hadubini ya elektroni ya kuitazama mirija hiyo sina. Nilicho nacho ni laptopu ya RAM giga nane na LAMMPS, programu ya kuiga mwendo wa atomi, ninayoipa nyota nne kati ya tano.

Ilianzia maabara ya Sandia, Marekani, katikati ya miaka ya 1990, na ni ya bure kabisa. Kwenye Ubuntu unaiweka kwa amri moja. Hakuna leseni inayokwisha muda katikati ya muhula. Haina vitufe vya kubofya: unaandika faili ya maagizo mstari kwa mstari, nayo inakokotoa kani kwenye kila atomi, inaisogeza kidogo, inakokotoa tena. Kila hatua ni kama femtosekunde 1, kwa hiyo nanosekunde moja, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde, ni hatua milioni.

Mrija wenyewe LAMMPS haikujengei. Mimi huujenga kwa VMD, programu ya kuchora molekuli ya Chuo Kikuu cha Illinois: unaipa urefu na namba mbili, n na m, zinazoeleza karatasi ya kaboni imekunjwa kwa mwelekeo gani, kama jamvi linavyoweza kukunjwa wima au kwa mshazari. Mrija wa (10,10) una kipenyo cha nanomita 1.36, na nanomita 10 za urefu wake zina atomi 1,600 na ushei. Laptopu inaumudu bila taabu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni amri ya restart. Kwetu mvua ya alasiri ikishika, stima huenda. Unaiagiza programu ihifadhi kazi kila baada ya hatua 10,000, ikipokezana kati ya faili mbili. Stima ikikatika faili moja inapoandikwa, ile nyingine iko salama, na usiku unaendelea ulipoachia. Kwa mtu asiye na jenereta, hili ni jambo kubwa sana.

Sasa pa kuangalia. LAMMPS haijui kaboni ni nini mpaka uipe potenshali, yaani kanuni ya jinsi atomi zinavyovutana na kusukumana. Wengi huchukua AIREBO, ya mwaka 2000, nami pia, kwa sababu inahesabu hata ule mvuto hafifu kati ya mrija na mrija. Bila huo, mirija haishikani kuwa fungu, na huwezi kusema lolote la maana juu ya uzi wa kaboni. Lakini jaribu kuuvuta mrija hadi ukatike ukitumia faili ya potenshali hiyo ilivyo. Umbali kati ya atomi mbili ukiwa kati ya nanomita 0.17 na 0.20, kanuni inaizima bondi, na uzimaji huo unazaa kani ya uongo. Grafu inapanda pale ilipopaswa kulegea, na mrija unaonekana imara kuliko ulivyo. Dawa inajulikana: watafiti huisogeza ile 0.17 karibu na 0.20 ndani ya faili ya potenshali. Programu yenyewe haikuonyi. Inakupa jibu la uongo kwa desimali nyingi, bila kusita, na hili linanikera kwelikweli, maana nimeona grafu za namna hiyo zikiwasilishwa na kupigiwa makofi. Nyota ya tano imepotelea hapo.

Na mkazo, yaani kani kwa kila eneo, je? LAMMPS inaugawanya kwa ujazo wa boksi zima la hesabu, pamoja na utupu unaouzunguka mrija. Boksi la nanomita 5 kwa 5 lina eneo la nanomita za mraba 25, ilhali ukuta wa mrija wa (10,10), kwa unene uliozoeleka wa nanomita 0.34, una eneo la 1.45 tu. Usipozidisha kwa 17 hivi, utaripoti mrija laini kuliko alumini. Ukizidisha, moduli ya Young, kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kuvutwa, inakaribia terapaskali 1, mara tano ya chuma cha pua. Kumbuka pia kwamba ukiurefusha mrija asilimia 10 ndani ya pikosekunde 100, umeuvuta kwa kasi isiyofikiwa na mashine ya kawaida ya maabara. Usiilinganishe namba yako na ya maabara bila kulitaja hilo.

Umeme usiuulizie hapa. Kwa potenshali hizi elektroni hazihesabiwi, kwa hiyo huwezi kuona kwamba (10,10) hupitisha umeme kama metali huku (10,0) ikiwa nusu kipitishi. Kwa hilo nenda Quantum ESPRESSO, programu inayokokotoa elektroni zenyewe, nayo ni ya bure, ila uende na subira: atomi 40 huko zinailemea laptopu hii kuliko maelfu ya atomi ndani ya LAMMPS.