Mkoba wa DVD 200 wa Memorial: Niuze, Nitunze au Nigawe?

Haya watu wangu, karibuni tena, tuko sebuleni kwangu hapa Moshi. Mkisikia kelele nyuma, hizo ni bodaboda, mtanivumilia. Leo nachambua hii: mkoba wa CD, mweusi, wa zipu, nafasi 200. Mengine mnayaona wenyewe, twende kwenye jambo.

Jambo ni lile kabati pale nyuma. DVD juu mpaka chini! Mama watoto anataka pakae vyombo, na mimi nilikuwa nimeshakubali. Nikashuka soko la Memorial, muuzaji akaanza na 25,000, tukamalizana 18,000. Nikajua kazi imeisha: CD ndani ya mkoba, makasha yote nje.

Sasa angalieni huu mfuko mmoja mmoja. Nasogeza karibu na kamera. Naingiza CD... mnaona inavyobana? Inabidi uisukume kwa kidole gumba, na upande unaosomwa unasugua hiki kitambaa cha nyuma. Kitambaa chenyewe ni safi leo. Subiri vumbi la Moshi la mwezi wa pili liingie humo, kila ukitoa CD ni msasa. Natoa tena. Sikilizeni... kriii! Umesikia hiyo sauti? Narudia kwa mliokuwa mnapika. Kriii!

Na bado. Nusa hii plastiki ya mbele. Najua hamwezi, nanusa kwa niaba yenu. Hii harufu kali, plastiki laini inayonatanata, ni PVC. Kwenye joto, PVC hutoa mafuta yake na kung'ang'ania CD. Kama unahifadhi juu ya dari, chini ya bati, utakuja kubandua filamu na mfuko pamoja. Tafuta mifuko ya polipropileni, ile ngumu kidogo isiyonuka, au acha CD ndani ya kasha lake, lisimame wima kama kitabu. Kasha linashika tundu la katikati tu, upande unaosomwa hauguswi na chochote. Kumbe kasha la mwanzo ndilo lilikuwa na akili!

Kuna ndugu mmoja wa Arusha, ana chaneli yake, alisema tupa zote, kila kitu kiko mtandaoni. Kaka, nakuheshimu, lakini bando nani ananunua? Na filamu ya mtandaoni ikiondolewa, imeondolewa. Tena Netflix wenyewe walianza kwa kutuma DVD kwa posta kule Marekani mwaka 1998, na huduma hiyo wakaifunga Septemba 2023. Mwenye CD yake kabatini hajafungiwa.

Ila sitetei zote. Hizi za "20 kwenye moja" zinaondoka leo. Piga hesabu: DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Gawa kwa filamu 20, kila moja inapata kama MB 235. Ndiyo maana uso wa stelingi unakuwa kama ubao wa drafti. VCD za mieleka, kwaheri. Hizi alizoleta shangazi kutoka Marekani ni za kanda ya 1, yaani DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia ("region"), na huku kwetu ni kanda ya 5, deki yangu inazigomea tangu siku ya kwanza. Zinaondoka, shangazi nisamehe.

Bongo Movie halisi, zile za kununua sehemu ya kwanza na ya pili kila moja na kasha lake, enzi za marehemu Kanumba? Haziguswi. Kava lenyewe ni nusu ya filamu, na mkoba huu ungetaka nilitupe.

Halafu hizi, sikilizeni vizuri. Kipaimara, harusi, send-off. Geuza chini, ina rangi ya zambarau. Hii imechomwa na mpiga video, haikuchapwa kiwandani. Picha iko kwenye rangi, na rangi hupauka kwa jua na joto. Original ina tabaka la alumini. Iwashie tochi ya simu kwa nyuma, ukiona vitundu vya mwanga, imeanza kuliwa. Sasa hizi za zambarau zihamishe kwenye hard disk wiki hii, usingoje Desemba ukoo wote uko nyumbani, bibi anataka kuona harusi, deki inaandika "no disc".

Kwa hiyo mkoba? Mwanzoni nilitaka kuupa nne kwa tano. Nimeshuka mpaka mbili, na hizo mbili ni za zipu.

Kipindi kimehamia Jumamosi jioni, bonyeza kengele. Anayetaka VCD za mieleka na yuko Moshi, aandike hapo chini, bure. Na wewe uliyeuliza bei ya deki: siuzi.