Skrubu za T8 kwenye lifti ya treni za HO: uzoefu wangu

Nimetumia skrubu mbili za T8 (fito ndefu zenye mitaro, unene milimita 8) za sentimita 50, nati zake za shaba na mota moja ya NEMA 17 (huzunguka hatua kwa hatua) kuinua treni za HO, yaani treni ndogo za mfano za uwiano wa 1:87, kati ya meza mbili zilizopishana kimo kwa sentimita 40. Ni vipuri vya printa za 3D, na kwa Nairobi pa kuanzia kuuliza ni maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue.

Kwa nini lifti? Njia ya kupanda kwa kuzunguka, yenye nusu kipenyo cha sentimita 60 na mwinuko wa asilimia 2, inataka mita 20 za reli, yaani mizunguko mitano na zaidi, na eneo la karibu mita 1.3 kwa 1.3. Kwenye nyumba ya kupanga hiyo ni nafasi ya kitanda. Lifti yangu ina jukwaa la sentimita 120 kwa 10 na inakaa ukutani.

Ukienda dukani, angalia skrubu yenyewe. Zipo aina mbili za T8 ambazo kwa macho ni mapacha. Moja ina mitaro minne inayokwenda sambamba, na nati husogea milimita 8 kwa mzunguko mmoja. Nyingine ina mtaro mmoja na husogea milimita 2. Zungusha nati mara moja kamili na upime kwa rula palepale dukani. Chukua ya milimita 2. Ile ya 8 ni ya haraka, lakini stima ikipotea jukwaa linaweza kuteleza chini na treni juu yake. Ya 2 hujishikilia yenyewe.

Skrubu zote mbili zizungushwe na mota moja kwa mkanda wa GT2, ule wenye meno. Ukifunga mota mbili, siku moja mojawapo itaruka hatua, jukwaa litainama upande mmoja na nati zitakwama. Skrubu isiachiwe kazi ya kuongoza jukwaa; kazi hiyo ni ya rana (vyuma vya kutelezeshea droo) zenye gololi, moja kila upande, zimesimamishwa wima kabisa.

Upande wa umeme, draiva ya A4988 (bodi ndogo inayoendesha mota) inatosha. Weka kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na pini za umeme wa mota, na usichomoe mota wakati stima ipo, draiva inaweza kuungua. Mtego uko kwenye hatua ndogondogo, yaani kugawa kila hatua ya mota vipande. Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu) yenye AccelStepper, programu ya kuendesha mota za hatua, huishia takriban hatua 4,000 kwa sekunde. Nikiweka moja ya nane, safari huchukua zaidi ya dakika. Kwa moja ya nne (kwenye draiva, pini ya MS2 peke yake ipewe umeme), mizunguko 4 kwa sekunde ni hatua 3,200, na sentimita 40 humalizika kwa sekunde 50.

Mota si tatizo. Tatizo ni reli kukutana. Nati ina uchezaji kidogo, kwa hiyo jukwaa lifike kituo kila mara likitokea chini: likishuka, lipitilize milimita 3 kisha lipande. Halafu komeo la shaba liingie tunduni. Komeo hilo linanyoosha reli, na ukililehemu waya linapeleka umeme kwenye jukwaa pia. Ncha za reli zilehemu kwenye kipande cha bodi ya saketi kilichofungwa kwa skrubu, maana gundi huachia. Acha mwanya wa nusu milimita, kisha piga tupa pembe ya ndani ya kila ncha, mara tatu nne tu, ili ukingo wa gurudumu usigonge. Tumia plaiwudi ya milimita 18 iliyopakwa vanishi pande zote pamoja na kingo. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) tupu hufura mvua za Aprili, na kwa njia yenye milimita 16.5 tu kati ya reli mbili, kufura kidogo kunatosha kuangusha behewa.

Mwisho, usalama. Swichi ndogo ikate umeme wa reli ya kuingilia kwa urefu unaozidi injini yako ndefu zaidi kila jukwaa linapokuwa halipo. Injini ya DCC (inayopokea amri za kidijitali kupitia reli) yenye kapasita ya akiba itapita hapo bila kujali, kwa hiyo ongeza kizuizi cha mkono, msumari tu unaoinuka jukwaa likiondoka. Changu kinasukumwa na jukwaa lenyewe kwa waya wa spoku ya baiskeli, hakihitaji umeme wala programu.

Skrubu naipa alama nne kwa tano. Moja nimeikata kwa sababu ya grisi ya kiwandani: inakamata vumbi. Ifute kwa petroli, paka mafuta ya cherehani.