Uzoefu wangu: pupa wa nzi chuma niliotumiwa kwa basi

Wadau wa kuku, mi nilichukua robo kilo ya pupa (funza waliojifunga kabla ya kugeuka nzi) wa nzi chuma, wengine mnawaita BSF, yaani black soldier fly, nikatumiwa kwa basi toka Dar mpaka hapa Moro ili nianze kuzalisha funza wa kulishia kuku. Mzigo ulifika vizuri, ndoo ina matundu, waliokauka wachache sana.

Nzi wa kwanza walivotoka tu wife akakimbia akajua nyigu, na kweli wamefanana, weusi, warefu, antena ndefu zimenyooka mbele. Ila nyigu ana mbawa nne, huyu mbili tu na hana mwiba, hata kung'ata hang'ati. Ukimnyanyua kwenye mwanga unaona pale tumbo linapoanzia kuna vidirisha viwili, mwanga unapita kabisa, na miguu huku chini nyeupe kama kavaa soksi. Mzuri aisee.

Sasa shida, siku mbili za mwanzo kila nikikamata ni dume. Nikampigia muuzaji nimekasirika, kaka umeniuzia madume matupu nani atanitagia? Akanambia tulia kaka, madume huwa wanatangulia kutoka, majike wanafuata, we kamata tena keshokutwa na uangalie mkiani, usiangalie ukubwa, maana dume aliyeshiba vizuri akiwa funza anaweza kumzidi jike aliyelala njaa.

Kweli bwana, siku ya nne nikamuona. Dume tumbo lake linavutia rangi ya shaba na nyuma kaishia butu, kuna vitu kama ndoano vimejikunja. Jike tumbo limejaa, kwa nyuma lina wekundu, halafu linaishia na kimrija chembamba kinatoka na kurudi, ncha yake kama mkasi uliofunguka kidogo, hicho ndo anachomeka kwenye ufa wa mbao anataga. Nilikaa pale kwenye neti nikimwangalia mpaka chai ikapoa.

Mayai nimeyapata kwenye nyufa za vibao, rangi ya maziwa, yamebanana, jike mmoja anataga kama 500 hivi. Neti muiweke ipate jua la asubuhi, kivulini hawapandani.

Muuzaji nampa nyota 4 kwa 5, moja nimemkata sababu hilo la madume kutangulia angeandika kwenye ndoo tusipate presha. Nusu kilo nyingine nishaagiza.