Nimeingia Jersey Archive kusoma makaratasi ya Wajerumani, nikakuta kipande

Nafanya kazi hotelini hapa Jersey, kisiwa kidogo kilicho karibu na Ufaransa lakini cha mfalme wa Uingereza. Siku yangu ya ofu mvua ilikataa kukatika, nikaamua kwenda Jersey Archive, hifadhi ya nyaraka za kisiwa, Clarence Road, St Helier. Wajerumani walikikalia kisiwa hiki tangu Julai 1940 hadi tarehe 9 Mei 1945, na makaratasi ya utawala wao yapo.

Barua za Feldkommandantur 515, ofisi yao kuu, zilinishinda. Kijerumani sina, na programu ya simu ilinitafsiria ovyo ovyo. Nikahamia kadi za kuwaandikisha wakazi wa kisiwa chini ya Wajerumani, na hapo ndipo siku ilipoishia.

Zinazidi 30,000. Zilianza kujazwa Januari 1941, na waliozijaza ni makarani wa kisiwa chenyewe, si askari. Jina, anwani, ulikozaliwa, kama uliwahi kuwa jeshini, alama za mwilini: kovu, kidole kilichokatika. Watoto wa chini ya miaka 14 wameandikwa nyuma ya kadi ya baba. Halafu picha. Watu wamekodoa macho vilevile tunavyokodoa sisi tukipigwa ya kitambulisho.

Wazee wetu Kenya walipewa kipande, kitambulisho cha lazima, na Waingereza, wakakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na miaka hiyohiyo ya vita walikuwa bado wanacho. Kumbe huku nako raia wa mfalme yuleyule walikuwa kwenye foleni wakiandikwa makovu! Nilicheka. Kicheko kikaniishia nilipofika kwenye sehemu ya mahali pa kuzaliwa, kwa sababu Septemba 1942 Wajerumani walianza kusafirisha waliozaliwa Uingereza, wanaume na familia zao, kwenda kambini Ujerumani. Kutoka Jersey na visiwa jirani walichukuliwa zaidi ya 2,000.

Jersey Archive naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya macho yangu, maana mwandiko wa makarani wengine ni wa kuku. Ukienda, anza na jina unalolijua, la sivyo utazama. Mimi nilianza na Louisa Gould, mama wa duka kule St Ouen aliyemficha mfungwa Mrusi aliyetoroka, akakamatwa 1944 na kufia Ravensbrück, kambi ya mateso ya Wajerumani, Februari 1945. Kadi yake ni kama za majirani zake tu. Karani aliyeijaza hakuwa na sehemu ya kuandika mambo hayo.