Plasta inaliwa na chumvi: ununue polima ipi Dodoma?

Unga mweupe ukitokeza ukutani na plasta ikaanza kubanduka futi mbili tatu kutoka chini, hiyo ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda nayo, jua la Dodoma huyakausha, chumvi hubaki kwenye vitundu vya plasta, ikaganda na kuipasua kutoka ndani. Polima, kiungo cha jamii ya plastiki kinachochanganywa kwenye plasta, huziba sehemu ya vitundu hivyo, maji na chumvi vikapenya kwa shida.

Chaguo langu la kwanza ni SBR, ile lateksi (mpira ulio katika maji) nyeupe kama maziwa. Inashika vizuri juu ya plasta ya zamani, na ikishakauka hailainiki tena kwa maji. Kabla ya kulipa, geuza galoni utafute asilimia ya polima kavu. Nyingi nzuri zina 40 hadi 50. Kipimo kinachotumika sana ni polima kavu asilimia 10 ya uzito wa saruji. Mfuko wa kilo 50 basi unataka kilo 5, yaani kilo 10 za lateksi ya asilimia 50. Galoni ya bei poa yenye asilimia 25 itakulazimu ununue mara mbili, kwa hiyo linganisha bei kwa polima, si kwa lita. Fundi anayemimina kikombe kimoja kwenye mfuko mzima anakupakia plasta ya kawaida. Maji ya kuchanganyia nayo yapunguzwe, maana lateksi imekuja na yake.

Ya pili ni akriliki, polima nyingine ya majimaji. Mara nyingi ni ghali zaidi, ila kwa ukuta wa nje unaopigwa na jua ningeitanguliza: SBR hugeuka manjano juani.

Polima ya unga ni ya tatu. Kuisafirisha hadi Bahi au Kongwa ni rahisi, lakini ubora wake hutofautiana sana.

Gundi nyeupe ya mbao iache dukani. Ikilowa hulainika upya.

Plasta ya polima imwagiliwe siku moja au mbili tu, kisha iachwe ikauke ili polima ifanye utando. Mafundi waliozoea kumwagilia wiki nzima watabisha; simama nao.

Na kama msingi hauna nailoni ya kuzuia unyevu, anza na hilo kwanza. Bila hivyo chumvi itapanda tu na kutokea juu ya plasta mpya. Maji ya kisima yakiwa na ladha ya chumvi, siku ya plasta nunua boza la maji yasiyo na chumvi.