TAHADHARI: Ukienda Kekova, Uturuki, usinunue "sarafu za kale" kwa mtu yeyote

Ndugu zangu mnaokwenda Uturuki, iwe ni kusoma, kufuata mzigo Istanbul au kutembea tu, naomba msome hii kabla hamjafunga mabegi. Ukiwa kwenye magofu, akatokea mtu pembeni akakufunulia kitambaa chenye sarafu za kale, usishike, usiulize bei, ondoka. Mimi nimetoa euro 140 kwa sarafu tatu na taa ndogo ya kufinyangwa, na ilibaki kidogo tu nipande nazo ndege.

Ilikuwa Üçağız, kijiji cha wavuvi kwenye ghuba ya Kekova, mkoa wa Antalya, kati ya Kaş na Demre. Nilikuwa nimeshamaliza manunuzi yangu Laleli, ule mtaa wa maduka ya jumla Istanbul. Mdogo wangu anasoma Antalya, akaniambia, "Dada, umezoea kuja na kurudi, hii nchi hujaiona. Njoo upumzike siku tatu." Nikaenda. Na nasema mapema, kijiji ni kizuri na watu wake ni wakarimu, sitaki mtu aache kwenda kwa sababu yangu. Asubuhi bahari haina hata kiwimbi. Wazee wanakunywa chai kwenye vile viglasi vyao vidogo, boti zimefungwa gatini zinangoja wageni. Ng'ambo yake kuna kisiwa cha Kekova, hakina watu, na ubavuni mwake kuna mji uliozama kwa matetemeko ya ardhi ya karne ya 2. Kutoka botini unaona ngazi za mawe zinashuka hadi zinapotelea majini, na misingi ya nyumba chini kabisa. Nilinyamaza kimya, nikawaza watu waliokuwa wakipanda ngazi zile na ndoo zao. Eneo hilo linalindwa kisheria tangu 1990 na kuogelea juu ya mji ule ni marufuku, kwa hiyo nahodha akikuahidi kukushusha hapo uogelee, huyo naye mkimbie.

Siku ya pili tulikwenda Kaleköy, ambayo zamani ikiitwa Simena. Gari halifiki, ni boti au miguu yako. Juu kuna ngome, na ndani ya ngome kuna ukumbi wa maonyesho uliochongwa mwambani, safu saba tu, wa watu kama 300. Huko tulikata tiketi kibandani, hakuna aliyetusumbua. Makaburi ya Walikia, watu wa kale wa pwani hii, yametapakaa kila mahali, masanduku makubwa ya mawe yenye vifuniko kama mtumbwi uliopinduliwa, na moja limesimama peke yake ndani ya maji.

Yaliyonikuta yalinikuta jioni, tuliporudi Üçağız. Mashariki mwa kijiji, kando ya maji, kuna makaburi mengine, mahali palipoitwa Teimiussa. Siku ile hatukukuta mlinzi. Tukiwa tunapiga picha akaja mwanamume wa makamo, kavaa kama mkulima, mfuko wa turubai begani. Sikilizeni vizuri hapa, maana ujanja wake wote uko kwenye mwanzo huu: hakuuza kitu. Alituonyesha maandishi ya Kigiriki kwenye kaburi ambayo tungeyapita bila kuyaona. Alitupa komamanga. Aliniita "abla", yaani dada, na mdogo wangu akawa anatafsiri. Alikaa nasi karibu nusu saa. Ndipo akasema ana kitu, lakini anaogopa kukionyesha kwa kila mtu.

Akafunua kitambaa. Sarafu tatu zenye udongo bado, upande mmoja kichwa cha Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, upande wa pili kinubi. Mdogo wangu alikuwa amesoma kwamba miji ya Likia ilikuwa na muungano wake wa miji 23 na kweli ulipiga sarafu za namna hiyo, kwa hiyo hata yeye alishtuka. Yule bwana akaeleza kwamba alizikuta akichimba msingi wa kitalu nyumba cha nyanya. Ukipita Demre utaona bonde lote limejaa vitalu nyumba vya nyanya, basi hadithi ikakaa sawasawa. Bei ikaanza euro 300, ikashuka, mtoto anaumwa, ikashuka tena, na taa akaongeza kama zawadi. Mimi nauza Kariakoo miaka mingi, najua mtu anaposhusha bei haraka kuna kitu. Lakini alikuwa ametutendea wema, nikaona aibu kumkatalia. Hapo ndipo aliponiingiza mjini.

Mama mwenye nyumba tuliyofikia alizitazama mara moja tu, akasema neno moja: "Sahte." Bandia. Akapitisha kucha ukingoni mwa sarafu, akanipa na mimi nipitishe. Kuna mshono mwembamba umezunguka pande zote. Sarafu ya zamani ya namna hii iligongwa kwa nyundo, moja moja, haiwezi kuwa na mshono. Mshono ni wa kitu kilichomiminwa kwenye kalibu. Kisha akaziweka mbili bega kwa bega chini ya taa. Zote zilikuwa na mkwaruzo mdogo chini ya sikio la Apollo, mahali palepale, urefu uleule. Nilichukua pamba na dawa ya kutoa rangi ya kucha nikasugua, ule ukijani wa uzee ukabaki wote kwenye pamba.

Nilidhani msiba ni hizo euro 140. Mama yule akasema hapana, mshukuru Mungu ni bandia. Mdogo wangu akaitafuta sheria yenyewe, namba 2863 ya mwaka 1983, tukakaa kuisoma usiku. Mtu akikuta kitu cha kale shambani mwake anatakiwa kukitolea taarifa ndani ya siku tatu, makumbusho au kwa muhtar, ambaye ni mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo anayekwambia "nimeichimba shambani kwangu, nunua" anakukiri kosa mbele ya macho yako na anakuvuta uingie naye. Na kukitoa kitu cha namna hiyo nje ya nchi ni kifungo cha miaka 5 hadi 12. Si faini ya kulipa dirishani ukaendelea na safari. Uwanja wa ndege wa Antalya wageni wamewahi kukamatwa kwa mawe waliyoyaokota au kuyanunua, yakaonekana kwenye mashine ya mizigo. Usifikiri kwamba kuwa bandia kutakuokoa pale pale, kwa sababu askari wa ukaguzi si mtaalamu wa sarafu. Kitapelekwa makumbusho kikaguliwe, na wewe utasubiri huku ndege yako inaondoka. Kwetu sisi wenye mzigo na viza ya siku chache, hilo peke yake ni hasara kubwa kuliko bei ya sarafu.

Kwa hiyo hata kijiwe kizuri, hata kigae kilichovunjika, kiache kilipo. Ukitaka kumbukumbu, nunua dukani kitu kilichoandikwa wazi kuwa ni nakala, na udai risiti. Ukitaka kuona mali za Walikia zenyewe, pale Andriake karibu na Demre kuna makumbusho ndani ya ghala la nafaka la Kaizari Hadrian wa Roma, na jengo lenyewe tu linatosha kukupeleka.

Kama umeshanunua, usikitie begini kwa kusema "nitajaribu bahati", wala usimuuzie mwenzako ili urudishe hela yako. Sisi tulikwenda kwa jandarma Demre asubuhi yake, ndio polisi wa vijijini, tukaeleza na tukakabidhi vyote. Nilikwenda nikitetemeka, lakini walitusikiliza, wakaandika maelezo, wakachukua sura ya mtu yule kwa maneno yetu. Ukimkuta anauza, piga 112. Hela sijarudishiwa na sitegemei.

Nilikuwa nimekata shauri ninyamaze, maana kulizwa mtu mzima mwenye duka ni fedheha. Kilichonifanya niandike ni siku nne baadaye, nimeshafika Dar. Mwanafunzi mwenzake mdogo wangu, kijana wa Mombasa, alikuwa Myra, magofu ya mji wa kale pale Demre, kwenye yale makaburi yaliyochongwa kwenye jabali, akamtumia picha kwa furaha: sarafu mbili kiganjani, Apollo na kinubi. Tuliikuza ile picha. Chini ya sikio kulikuwa na mkwaruzo ule ule. Alikuwa ameshatoa euro 80, na ndege yake ilikuwa Jumapili.